Kona ya nne ya sanduku inapokataa kufunga

Swali: "Fundi, habari za kazi. Natengeneza sanduku dogo la mbao, urefu milimita 300, upana 200, mbao zenye unene wa milimita 12. Kona nimezikata hanamu, yaani kila ncha mshazari kwa nusu ya kona, ili ncha za mbao zisionekane. Mashine ya kukata pembe inasoma digrii 45 kamili, lakini nikizipanga mbavu zote nne, kona tatu zinakaa vizuri na ya nne inabaki wazi. Nikiibana hiyo, nyingine inafunguka. Bado sijatia gundi. Nirekebishe wapi? Na je, kona za namna hii zina nguvu kweli, au zitaachia baada ya muda?"

Salama, ndugu yangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya gundi, maana sanduku lako bado linaokoleka lote. Nakuomba kitu kimoja: usiiguse mashine kwanza. Wengi wakiona mwanya hukimbilia kusogeza kipimo cha pembe, wanakata tena, mwanya unahama, wanasogeza tena, mpaka sanduku la milimita 300 linakuwa la 270 na kona bado iko wazi. Mwanya wenyewe una umbo, na umbo hilo linakwambia kosa liko wapi. Ukilisoma sawasawa utarekebisha kitu kimoja tu.

Kwanza tuelewane kwa nini ni kona ya nne na si ya kwanza. Sanduku lako lina mikato minane ya hanamu, miwili kila kona. Tuseme kila mkato umepungua nusu digrii, yaani mashine imekata 44.5 badala ya 45. Nusu digrii kwa jicho huioni. Lakini kona moja ina mikato miwili, kwa hiyo ukiifunga barabara inakaa kwenye digrii 91. Ukifunga tatu hivyo, zimekula digrii 273 kati ya 360, na ya nne imebakiwa na nafasi ya digrii 87 wakati nayo imekatwa kwa ajili ya 91. Hapo kuna tofauti ya digrii 4. Uso wa hanamu kwenye ubao wa milimita 12 una upana wa karibu milimita 17, na digrii 4 katika upana huo ni mwanya unaozidi milimita 1. Huo utauona ukiwa umesimama mlangoni. Kwa hiyo kona ya nne haina ubaya wake peke yake. Makosa ya kona zote yamekuja kukutana pale. Ndiyo maana ukiibana hiyo, nyingine inafunguka: unachofanya ni kuhamisha kosa, hulipunguzi.

Na kuhusu mashine kusoma 45 kamili, usiitegemee sana namba hiyo. Mstari uliochorwa kwenye kipimo una unene wake, na robo digrii inaweza kujificha ndani ya unene huo bila wewe kujua. Robo mara nane ni digrii 2.

Sasa tuutazame mwanya. Weka meza iliyonyooka kweli, panga mbavu nne juu yake, zifunge kwa tepu ya karatasi kuzunguka nje kwa mvuto wa wastani. Usikaze kwa klampu. Klampu inaficha ukweli. Halafu weka tochi ndani ya sanduku, zima taa ya chumba, uiname mpaka jicho liwe usawa wa kona. Kona iliyofunga haitoi mwanga hata kidogo. Iliyo wazi itakuonyesha mstari wa mwanga. Kisha itazame kona hiyohiyo kutoka juu, uone mwanya unavyokwenda kutoka nje hadi ndani.

Ukikuta mwanya una umbo la kabari, yaani mpana upande mmoja na kufa upande wa pili, kosa ni pembe. Ukiwa mpana kwa nje na kona inagusana kwa ndani tu, mashine imekata chini ya 45. Ukiwa mpana kwa ndani na ncha za nje zinagusana, imekata zaidi ya 45. Hili la pili ni afadhali kwa macho, na wapo mafundi wanaozidisha pembe kidogo makusudi ili ncha za nje zikutane kwanza. Mimi sipendi kuzidisha, kwa sababu gundi inabaki imeshika ukingo tu badala ya uso mzima, lakini kama ni lazima kosa liwepo, afadhali liegemee huko.

Ukikuta mwanya una upana uleule kutoka nje hadi ndani, nyuso mbili zinatazamana sambamba ila hazifikiani, pembe zako ni nzuri. Kosa ni urefu: mbavu mbili zinazotazamana hazilingani. Ubavu mmoja ukiwa na milimita 301 na mwenzake 300, hakuna namna yoyote ya kuzigeuza ambayo itafunga kona zote nne, hata pembe ziwe 45 za kweli. Kwa maelezo yako, kwamba kona tatu zinakaa vizuri, nashuku hili lina mchango wake. Watu wengi wanaolalamikia pembe, tatizo lao hasa ni urefu.

Umbo la tatu ni mwanya unaofunga chini na kufunguka juu, au kinyume chake. Hapo ubao haukuwa mraba na mashine ulipokatwa: aidha msumeno ulikuwa umeegemea, au kulikuwa na unga wa mbao chini ya ubao, au ubao wenyewe umejipinda. Na ukiona kona inagusana juu na chini lakini katikati inapitisha mwanga, usihangaike na mashine kabisa, ubao umejikunja kwa upana wake na unahitaji randa.

Mara nyingi utakuta maumbo mawili yamechanganyika. Basi anza na ubao wenyewe, uende kwenye pembe, umalizie na urefu, kwa sababu ukirekebisha pembe ni lazima ukate tena, na urefu utabadilika.

Ubao nausema kwa ufupi kwa sababu hauna ujanja: uwe umenyooka, usiwe na msokoto, na unene uwe mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulaze juu ya meza iliyonyooka ubonyeze kila pembe. Ukisikia unagonga, hauko tayari. Mbao uzilete kwenye chumba zitakapofanyiwa kazi, uziache wiki moja au mbili zikiwa na vijiti katikati yake ili hewa ipite pande zote. Mbao iliyokatwa ikiwa bado inakauka inaweza kufunga vizuri leo na kujikunja wiki ijayo.

Kwenye pembe tukae kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo. Usijaribie kwenye mbao za sanduku. Chukua ubao wa mabaki wenye unene na kimo kilekile, ukate vipande vinne vifupi vyenye urefu sawa, milimita 100 vinatosha, vyote hanamu pande zote mbili. Vifunge kwa tepu, kona tatu kwa nguvu, uangalie kona ya nne. Jaribio la vipande vinne linazidi kupima kona moja kwa skwea, yaani kipimo cha pembe mraba, kwa sababu linalikuza kosa mara nane mpaka jicho lilione. Ukikadiria kwamba kona ya nne inahitaji digrii 4 kufunga, sogeza mashine nusu digrii tu, yaani kosa lote gawanya kwa 8. Kata vipande vingine, rudia. Vipande vichache vya mabaki vina thamani ndogo kuliko ubao mmoja mzuri.

Kwa kuwa unatumia mashine ya kukata pembe, kuna njia mbili za kukata hanamu. Moja ni kulaza ubao na kuinamisha kichwa cha mashine. Nyingine ni kuusimamisha ubao kwa ukingo wake ukiegemea ukuta wa mashine, kisha kuizungusha meza ya mashine hadi 45. Kama kimo cha sanduku lako hakizidi kimo ambacho msumeno unaweza kukata, simamisha ubao. Mzunguko wa meza kwa kawaida una usahihi zaidi kuliko kuinama kwa kichwa, na ukishauweka unakaa. Ila hapo hakikisha diski inasimama wima kabisa. Weka skwea kati ya meza na bapa la diski, usiguse meno.

Halafu kuna kosa moja ambalo halionekani kwenye kipimo chochote: ubao unateleza wakati wa kukata. Diski inapoingia mshazari inausukuma ubao kuufuata ukuta wa mashine, nusu milimita tu, lakini inatosha kuharibu pembe na urefu kwa mpigo mmoja. Bandika msasa kwenye ukuta wa mashine, upande wa chenga utazame ubao, na uubane ubao kwa klampu kila inapowezekana. Usikate kwa kishindo. Kata kwanza ukiacha milimita 2 au 3 za ziada, kisha ukate mara ya pili taratibu kwenye mstari, diski ikiwa imeshika kasi yake yote kabla ya kugusa mbao. Diski nyembamba ikilazimishwa inapinda, na mkato unatoka na tumbo. Diski ya milimita 250 yenye meno 60 hadi 80 inafaa kazi hii. Yenye meno 24 ni ya kupasulia mbao kwa urefu, itakuchania ncha.

Ncha hiyo ya nje ndiyo sura ya sanduku, na ni nyembamba kama ukingo wa kisu. Nyuma yake weka ubao wa kuegemeza uliofungwa kwenye ukuta wa mashine, upande wa nje wa sanduku uuguse, ili nyuzi za mbao ziwe na kitu cha kuzishika meno yanapotokea. Bila hivyo ncha inatoka na vijino, na hakuna kona itakayofunga vizuri juu ya vijino.

Na tafadhali, mkono ukae mbali na diski, sentimita 15 au zaidi. Vipande vya pembetatu vinavyokatika kwenye kazi hii ni vidogo na hurushwa. Ukimaliza kukata, achia kitufe, subiri diski isimame, ndipo unyanyue kichwa. Anayetumia msumeno wa meza asiache kipande cha pembetatu kibanwe kati ya diski na ukuta wa kuongozea, kitarudi kifuani mwake.

Ukiwa huna mashine, au mashine imekataa kutulia, randa itakupa kona bora kuliko msumeno wowote. Kata kwa msumeno wa mkono ukiacha milimita 1, kisha tengeneza kibao cha kurandia: ubao ulioinama digrii 45 ambao juu yake unalaza ubavu wa sanduku, na randa inapita kwa ubavu wake ikifuata reli ya chini. Kisu cha randa kiwe kikali kiasi cha kunyoa ncha za nyuzi bila kuzibomoa, na kitoe chane jembamba kama karatasi ya kuandikia. Uzuri wa kibao hiki ni kwamba pembe ikipungua kidogo unaweka kipande cha karatasi chini ya ubao, mahali pamoja tu, ukanyoa tena. Kwa kipimo cha mashine ni vigumu kupata marekebisho madogo namna hiyo. Sukuma randa kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi wa pili, na weka kipande cha mbao nyuma pale randa inapotokea ili pasichanike.

Tukija kwenye urefu, kanuni ni moja: mbavu ndefu mbili hazipimwi kwa rula, zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Funga kizuio kwenye ukuta wa mashine, ukate ya kwanza, na ya pili ikate ikigusa kizuio hichohicho bila kukisogeza. Chini ya kizuio kata pengo dogo kwenye kona yake ili unga wa mbao ukae humo. Chembe chache zikijikusanya kati ya ubao na kizuio, ubavu wa pili unatoka mfupi. Na kwa kuwa kinachogusa kizuio ni ile ncha nyembamba, gusisha kwa upole. Ukiigonga inajikunja, na urefu umeshabadilika.

Kupima kama zinalingana, zikutanishe mbavu mbili nje kwa nje, uzisimamishe juu ya meza kwa ncha zake, halafu pitisha ukucha juu pale ncha mbili zinapokutana. Ukucha unasikia tofauti ambayo rula haiwezi kuionyesha. Usiposikia kitu, uko sawa. Ukisikia kidato, nyoa ule mrefu. Mbavu fupi nazo hivyohivyo. Jambo la kukutuliza: kama sanduku litatoka na urefu wa milimita 297 badala ya 300, hakuna atakayejua. Mbavu mbili zisipolingana kwa milimita 1, kila mtu ataona.

Kwa sanduku lako hili, basi, ningefanya hivi. Jaribu vipande vinne vya mabaki mpaka vifunge. Kisha kata upya kila ubavu, ukipunguza milimita 2 kila mwisho, mbavu ndefu zote mbili kwa kizuio kimoja, fupi zote mbili kwa kizuio kimoja. Sanduku litakuwa 296 kwa 196 na kona zitafunga. Kama ulishakata kitako kwa kipimo cha zamani, kipunguze kwa kiasi hicho.

Kuhusu kitako, kwa kuwa hujataja umekifanyaje: kona ya hanamu ina fadhila moja kubwa, kwamba mfuo wa kuingizia kitako unaweza kupita moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao bila kuonekana nje. Ukate mfuo huo kabla ya kukata hanamu, ubao ukiwa bado mrefu, kina chake milimita 5 kati ya 12. Kwa sanduku la 296 kwa 196, nafasi ya ndani ni 272 kwa 172. Ongeza milimita 5 kila upande kwa mifuo, toa 1 ya nafasi, kitako kiwe 281 kwa 181. Kikiwa cha plaiwudi unaweza kukitia gundi pande zote, nacho kitaongeza nguvu ya sanduku kwa kiasi kikubwa. Kikiwa cha mbao nzima, usikitie gundi pembeni. Ubao wenye upana wa sentimita 18 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita 2 au zaidi kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi, na ukiubana utasukuma kona zako hizo ulizohangaika nazo mpaka ziachie. Uachie nafasi zaidi kwa upana wake, uweke tone moja la gundi katikati ya kila ncha ili usigongegonge, basi.

Hapo tunafika swali lako la pili, la nguvu. Nakujibu wazi: kona ya hanamu yenye gundi peke yake ni dhaifu kuliko kona nyingi nyingine. Nyuzi za mbao kwenye mkato ule zimekatwa mshazari, na midomo yake inanyonya gundi kabla haijashika. Zaidi ya hapo, mtu akiubonyeza ubavu, urefu wake wote unageuka wenzo unaovunja kona kwa uso wa milimita 17 tu. Kisanduku cha kuwekea vito kinachokaa kabatini kitaishi miaka mingi kwa gundi pekee, hasa kikiwa na kitako cha plaiwudi kilichogundishwa. Sanduku la kubebwa, la kuwekwa vitu vizito, au la kuangushwa na watoto, linahitaji msaada.

Msaada wa kwanza ni kugundisha vizuri. Laza mbavu nne juu ya meza, upande wa nje ukitazama juu, kwa mpangilio wa ndefu, fupi, ndefu, fupi, ncha zikigusana mstari mmoja. Nyoosha migongo yake kwa rula ndefu. Bandika tepu kukatiza kila kiungo, vipande vitatu au vinne, ukiivuta kidogo. Zigeuze zote kwa pamoja, sasa unatazama mabonde matatu yenye umbo la V. Paka gundi nyeupe ya mbao nyembamba kwenye nyuso zote nane, subiri dakika chache inyonywe, kisha paka tena. Mpako wa kwanza unaziba midomo ya nyuzi, wa pili ndio unaoshika. Ingiza kitako, kunja sanduku, funga kona ya mwisho kwa tepu ambayo uliiacha ikining'inia. Tepu inayovutwa inaufunga ukingo wa nje kwa nguvu ya ajabu, na kwa sanduku dogo kama hili huhitaji klampu yoyote.

Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona ya mbali, halafu kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, sanduku ni mraba. Visipolingana, ukamate kona mbili zenye kipimo kirefu ubonyeze kuelekea katikati mpaka vilingane. Gundi itakayofurika ndani usiifute kwa kitambaa cha maji, utaisambaza kwenye nyuzi na vanishi itaikataa. Iache iwe kama mpira, uibandue kwa patasi. Liache sanduku lipumzike saa 24 kabla ya kulisumbua.

Kama baada ya gundi umebaki mwanya mwembamba kama unywele kwenye ukingo wa nje, kuna tiba ya zamani: chukua kitu cha chuma cha mviringo na laini, mfano shina la bisibisi, ulisugue kwenye ukingo huo huku umeliinamisha, upande mmoja kisha wa pili. Nyuzi zinalala na kuufunika. Inafanya kazi kwa unywele tu. Mwanya unaoingiza ukucha hauponi hivyo.

Msaada wa pili, na huu ndio unaobadilisha kona dhaifu kuwa imara, ni vilimi vya mbao vinavyopita kona kwa nje. Gundi ikishakauka unachana mfuo mwembamba kukatiza kona, unapachika kipande chembamba cha mbao, unakinyoa. Kwa msumeno wa mkono ni kazi rahisi kabisa: bana sanduku kwenye jiriwa, yaani kibanio cha meza, kona ikitazama juu, chana mikato miwili au mitatu, na uinamishe msumeno kidogo, mmoja ukielekea juu na unaofuata chini, ili vilimi visiweze kuchomoka kwa kuvutwa. Kina kisizidi milimita 11 kutoka ncha ya kona, maana kwa ubao wa milimita 12 kona yako ya ndani iko milimita 17 kutoka pale, na hutaki kutokea ndani. Vinia nene, yaani gamba jembamba la mbao, inaingia vizuri kwenye mkato wa msumeno mwembamba. Ikikaza sana ilaze uigonge kwa nyundo kidogo isinyae, itavimba yenyewe ikipata gundi.

Sikiliza hapa kwa makini: nyuzi za kilimi lazima zikatize kona, zitoke ubavu mmoja kwenda wa pili. Kilimi ambacho nyuzi zake zinafuata ukingo wa kona, kwenda juu na chini, kitavunjika pamoja na kona yenyewe siku ya kwanza kinapohitajika. Nguvu ya kilimi inatokana na nyuzi zake ndefu kugundishwa bapa kwa bapa ndani ya mfuo, kitu ambacho kona ya hanamu peke yake inakikosa.

Mbao ya vilimi inaweza kuwa ya rangi ileile isionekane, au nyeusi kwenye mbao nyeupe ikawa pambo. Mimi huchagua ionekane. Ila kama ulikata mbavu zote kutoka ubao mmoja kwa mfuatano ili michoro ya mbao izunguke kona bila kukatika, tumia rangi inayofanana, usiivunje michoro hiyo. Kwa mpangilio huo kona tatu zitaendelezana na moja haitaendelezana, kwa sababu pale mwanzo na mwisho wa ubao vinakutana. Hiyo ielekeze nyuma, kwenye bawaba.

Kifuniko nacho kiamue mapema. Njia safi ni kulijenga sanduku likiwa limefungwa juu na chini, kisha kulikata kifuniko kwa msumeno, ili michoro ya mbao ilingane juu na chini. Ukifuata njia hiyo, chora mstari wa kifuniko kabla ya kuchana mifuo ya vilimi, kiwepo angalau kilimi kimoja juu ya mstari kila kona, na kisiwepo hata kimoja kwenye mstari wenyewe. Kumbuka pia msumeno utakula milimita 3 hivi, kwa hiyo kimo cha mwanzo kiongezwe hizo. Ukifika upande wa mwisho wa kukata, pachika vipande vyembamba kwenye mkato uliokwisha kupita na uvishike kwa tepu, vinginevyo sanduku linajifunga juu ya diski.

Kunyoa vilimi ndiko kunakomaliza kazi. Kata kwanza vibaki vimechomoza milimita 1, kisha tumia patasi kali au randa ndogo, na mwendo uanzie kwenye ukingo wa kona kuelekea katikati ya ubavu. Ukisukuma kutoka katikati kutokea kwenye kona, kilimi hakina kitu cha kukiegemeza pale mwisho, na kitamomonyoka ndani zaidi ya uso wa sanduku. Geuza sanduku, fanya ubavu wa pili hivyohivyo, kisha msasa mwepesi kwa kipande bapa cha mbao nyuma yake, usiviringishe kona kwa vidole. Ukishakata vile vipande vinne vya majaribio, uniandikie mwanya ulikuwa na umbo gani.